Nimeandikwa kazi hotelini lakini sijaandikiwa kitu: nimeajiriwa ama nadanganywa?

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu Mambrui, nina diploma ya mapokezi. Mwezi wa kumi niliomba kazi hoteli moja hapa Malindi nikaitwa intavyu mara tatu, ya kwanza na HR, ya pili na meneja wa resepsheni, ya tatu na mkubwa mwenyewe. Waliniuliza nina mpango wa kuolewa lini, wakaniuliza kama naweza kuvua mtandio nikiwa kazini, na waliponiuliza nataka mshahara ngapi nikashikwa na kigugumizi nikasema chochote mtakachonipa. Jumamosi moja nikapigiwa simu, umepita, njoo Jumatatu na vyeti vyako original na good conduct ya polisi. Leo ni wiki ya tatu niko kazini, nimepewa yunifomu, jina langu liko kwenye rosta, lakini barua sijapewa. Supavaiza asema wiki mbili za kwanza ni za kujaribiwa hazina malipo, na barua ati zinatoka Mombasa. Vyeti vyangu bado wako navyo. Wenzangu wanambia nisiulize nitaonekana mjuaji, miezi mitatu ikiisha mtu huwa pamanenti mwenyewe. Babangu naye yuwasema mtu hana barua ni kibarua tu, afukuzwa saa yoyote. Sasa mimi nimeandikwa ama sijaandikwa? Na nikiuliza, nitafutwa?"

Marahaba mwanangu. Hongera na pole, nakupa yote mawili kwa pamoja, manake naona furaha ya kupata kazi hujaila bado na tayari wasiwasi umeshakukalia. Nianze na jibu lenyewe usije ukalala na hofu leo: umeajiriwa. Umeajiriwa tangu ile Jumatatu uliyovaa yunifomu ukasimama pale kaunta, na hakuna supavaiza anayeweza kuzirudisha nyuma zile siku.

Shida imeanzia kwenye neno. Sisi mtu akipata kazi twasema ameandikwa, akitolewa twasema amefutwa, kwa hivo kichwani mwetu kazi ni jina kwenye karatasi, lisipoandikwa hakuna kazi. Babako simlaumu kabisa, wazee wetu wengi wamefanya kazi namna hiyo, leo waitwa, kesho geti limefungwa. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haioni hivo. Kifungu cha 8 kinasema sheria hiyo inahusu mikataba ya mdomo na ya maandishi. Wao walikupigia simu wakakwambia umepita, wewe ukaenda, wakakupa kazi ukaifanya, huo ni mkataba. Na kibarua kwenye sheria hiyo hiyo ana maana yake, ni mtu anayelipwa kila siku jioni na hachukuliwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wewe uko kwenye rosta ya wiki nzima na mshahara wangojea mwisho wa mwezi. Mwambie babako kwa adabu kwamba wewe si kibarua.

Alafu kuna hili la "kujaribiwa". Kipindi cha majaribio kipo kisheria, hakuna ubaya, lakini angalia sheria inakiitaje: ni mkataba ulioandikwa, na uwe umesema wazi kwamba ni wa majaribio. Hauwezi kupita miezi 6, na wakitaka kukuongeza miezi mingine isiyozidi 6 lazima wewe mwenyewe ukubali. Wakikutoa humo ndani wanakupa notisi ya siku 7 ama wanakulipa siku 7, na wewe ukitaka kuondoka ni hivo hivo. Na unalipwa, kujaribiwa ni kwa mshahara. Sasa hizi wiki mbili zako za bure zimetoka wapi? Zimetoka mdomoni mwa supavaiza. Ulifanya kazi, ulipokea wageni, ulijibu simu, hizo siku unazidai, na Katiba yenyewe ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Ingekuwa ni atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya mwanachuo, ni maneno mengine, lakini wewe chuo umemaliza.

Wenzako nao nataka niwarekebishe kidogo, manake hii habari ya miezi mitatu naisikia kila msimu. Hakuna siku mtu anaamka amekuwa pamanenti mwenyewe. Kilichoko ni hiki: kifungu cha 9 kinasema kazi ya miezi mitatu ama zaidi lazima mkataba wake uandikwe, na wa kuuandika ni mwajiri. Na kifungu cha 37 kinamlinda yule kibarua wa kweli, akifanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi, ahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, na kumtoa kwataka notisi ya siku 28 kwa maandishi. Watu wamechanganya hizo mbili wakatoa moja ya kwao, kisha wanakaa kimya wakingoja mwezi wa tatu ufike kama wanaongoja mwezi wa Idi.

Ntakwambia kwa nini hoteli zafanya hivi, nimekaa ofisi za wafanyakazi za hoteli za huku pwani zaidi ya miaka ishirini na mara nyingi si uovu, ni mwendo wa msimu. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili wageni waja kwa fujo, Waitaliano wajaza Malindi na Watamu, meneja wa kila idara ataka watu jana. Anachagua mtu, anampigia simu, amuweka kazini Jumatatu. Barua huandikwa na HR, HR angoja meneja mkuu asaini, meneja mkuu angoja aone vyumba vimejaa kiasi gani, manake mwezi wa nne masika yakiingia nusu ya hoteli hizi zapunguza watu ama zafunga kabisa mpaka mwezi wa saba. Kwa hivo mtu anayetakiwa kusaini barua yako anajiuliza huyu namwandikia miezi minne, ama mwaka, ama nimwache hivi hivi tuone? Na kila siku anayochelewa, hasara ni yako wewe wala si yake. Hapo ndipo pabaya. Barua ikikosekana hadi mwezi wa tano, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa usirudi.

Yalinipata mimi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hausikipingi, hoteli siitaji, niliingia mwezi wa kumi na moja nikafagia vyumba na kutandika vitanda mpaka masika. Siku ya kufunga tukaitwa wanane kwenye kivuli cha mkwaju nyuma ya jiko, tukaambiwa nyinyi mlikuwa mnatushikilia tu. Pesa ya mwezi wa mwisho wengine hatukuiona. Mmoja wetu alilipwa yote, yule dada kila Jumamosi rosta ikibanduliwa ukutani kubandikwa nyingine alikuwa akiichukua ile kuukuu anaikunja anatia mkobani. Alipofika ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, alimwaga karatasi ishirini na kitu mezani, zote jina lake liko. Sisi tulikuwa na midomo yetu tu.

Kwa hivo kitu cha kwanza, kabla hujamuuliza mtu yeyote chochote: weka ushahidi wako. Ile simu ya Jumamosi, fungua rekodi za simu upige picha tarehe na namba. Rosta ipige picha kila wiki. Nunua kijitabu kidogo cha mraba andika siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikuwa supavaiza wa shifti, mistari miwili yatosha, andika kila siku usingoje mwisho wa wiki ukaanza kukumbuka-kumbuka. Hayo si uchokozi, hakuna atakayejua.

Sasa la kuuliza. Hofu yako naielewa lakini ni kubwa kuliko jambo lenyewe, kumuuliza HR barua ni sawa na kumuuliza mhasibu mshahara unaingia lini, ndiyo kazi yake. Kinachomfanya mtu aonekane mkorofi ni namna na mahali, ukimvamia supavaiza mbele ya wageni, ama ukianza na "sheria inasema". Supavaiza hana barua yako na hawezi kuiandika, mpite. Mwandikie HR WhatsApp, asubuhi, siku ambayo si ya wageni wengi kuingia, kitu kama hiki:

"Habari za asubuhi. Naitwa fulani, niko resepsheni tangu Jumatatu tarehe fulani. Naomba kujua barua yangu ya kazi nitaipata lini na kama kuna fomu natakiwa kujaza. Pia naomba nije nichukue vyeti vyangu original, nitawaachia kopi. Asante sana."

Usiongeze kitu. Usitafute kisingizio cha benki wala cha mgonjwa. Uzuri wa huo ujumbe ni kwamba umetaja kazi na siku ya kuanza, na yeye akijibu lolote, hata "sawa mama ngoja wiki ijayo", tayari amekubali kwa maandishi kwamba wewe ni mfanyakazi wao tangu siku ile. Hilo jibu pekee lina uzito.

Niseme ukweli mwingine hapa ili usije ukaenda kichwa kichwa: sheria inampa mwajiri mpaka miezi miwili tangu uanze kukupa maelezo ya kazi yako kwa maandishi, yaani cheo, mshahara, saa za kazi, likizo, notisi. Kwa hivo wiki ya tatu hawajachelewa sana kwa hilo, na ukikimbilia leba leo utakuwa na haki yako lakini utaharibu uhusiano kwa jambo ambalo pengine lingekwisha kwa meseji moja. Mimi singeenda sasa. Lakini vyeti haviwezi kungoja. Original ya KCSE na diploma yaonyeshwa, yalinganishwa na kopi, yarudi mkononi mwako siku hiyo hiyo, hiyo ndiyo desturi ya ofisi iliyo sawa. Mtu aliyeshikiwa vyeti hawezi kwenda intavyu nyingine, na kuna mameneja wanajua hivo vizuri sana.

Na hiyo good conduct waliyokuitisha, ujue yakusaidia. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022 mwajiri haruhusiwi kumwitisha mtu vyeti vya namna hiyo, vya polisi, vya kodi (KRA), vya mkopo wa chuo (HELB), mpaka awe ana nia ya kumpa mkataba wa maandishi. Wamekuitisha, basi nia walikuwa nayo. Weka ile meseji kama walituma.

Turudi nyuma kwenye intavyu, manake naona bado yakuuma. Watu wadhani pale mbele watatu wanakutazama uzuri ama wamepanga mtu wao. Wako hivo wengine, siwezi kukudanganya. Lakini kwenye intavyu iliyo sawa kila mmoja ana karatasi yenye mistari mitano sita, lugha, ujuzi, namna ya kusimama na mgeni mkali, uaminifu, unadhifu, kila mstari watia alama moja mpaka tano kwa penseli kabla hawajazungumza wenyewe kwa wenyewe, kisha wajumlisha. Mtu wa resepsheni Malindi ambaye ana Kiitaliano hata cha kuokoteza pwani tayari ameshawapita wengi kwenye ule mstari wa kwanza. Kuitwa mara tatu maana yake alama zako zilisimama mara tatu, na meza tofauti. Hukupewa kazi kwa huruma, kumbuka hilo ukiandika ile meseji.

La mshahara ndilo nataka ujifunze. Meneja anapokuuliza wataka ngapi, mara nyingi yeye tayari ana kiasi, ana chini na ana juu. Ukisema chochote, akuweka chini, si kwa kukuchukia, ni kwamba umempa ruhusa. Saa hii usiende kubishana, kosa lishatendeka na si kubwa. Barua ikija, angalia mshahara, na ukithibitishwa baada ya majaribio hapo ndipo pa kuongea, uende na kitu mkononi, umefanya shifti ngapi za usiku, umefundisha nani kutumia mfumo wa vyumba. Na uulize kama hoteli iko kwenye makubaliano ya pamoja na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, manake kama iko, mishahara ya kila daraja imeshaandikwa humo, huhitaji kubahatisha.

Peislip ya kwanza isome. Tuseme mshahara ni 20,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 1,200, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 ni 550, makato ya nyumba asilimia 1.5 ni 300. Jumla 2,050, unabaki na 17,950, na kodi ya mapato hapo hufiki. Wakikukata zaidi ya hapo uliza ni cha nini. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya NSSF uone kama ile pesa imefika kweli, ikifika, jina la hoteli na jina lako vimekaa pamoja kwenye rekodi ambayo supavaiza hawezi kuibandua ukutani. Na wakikulipa mkononi bila karatasi yoyote, omba angalau ipitie M-Pesa.

Kuhusu kuolewa na mtandio. Haya maswali hayakufaa na nataka ujue hivo ingawa umeshapita. Ibara ya 27 ya Katiba yakataza ubaguzi kwa ndoa, ujauzito, dini, hata mavazi, na Sheria ya Ajira inamlinda anayetafuta kazi pia, si lazima awe ameshaingia. Swali la kuolewa wengi wauliza kwa mazoea tu, wakijua ukizaa una miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara. Mtu akiulizwa tena ajibu kile wanachotaka kujua kweli: "Mipango yangu haitazuia kazi, naweza shifti zote." Yatosha, ukanyamaza. La mtandio ni zito zaidi kwa sababu ni la kila siku, na hukunambia ulijibu nini. Kama ulikubali kuvua kwa kuogopa kukosa kazi na moyo hauko hapo, bado una nafasi, nenda na suluhisho usiende na lawama: waombe mtandio wa rangi ya yunifomu, mfupi, wa kuchomeka ndani ya kola, na kibandiko cha jina kionekane. Nimefanya kazi na wasichana waliovaa hivo miaka na miaka pale mbele, wageni wakiwapenda. Wakikataa kabisa na wakatoa hilo kama sababu ya kukutoa, hapo si jambo la kumalizia kwenye WhatsApp tena.

Na sasa nikwambie lini uinuke uende mwenyewe. Mwezi ukiisha na zile wiki mbili hawakulipa baada ya kuuliza kwa maandishi. Wiki moja ikipita wamekataa kurudisha vyeti. Wakikuletea karatasi tupu usaini, ama barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe, hiyo usisaini hata kama imewekwa katikati ya fomu nyingine kumi. Mtu yeyote akitaka pesa ama mwili ndiyo barua itoke, siku hiyo hiyo. Miezi miwili ikipita hakuna maandishi. Nenda ofisi ya leba na kijitabu chako na picha zako, kupeleka malalamiko hakulipishwi. Afisa wa leba huita pande zote mbili wakae, na mengi yamalizikia pale. Yakishindikana Malindi kuna mahakama ya ajira na leba, huhitaji kupanda gari la Mombasa. Na ujue kwamba mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi ya masharti yako ya kazi, mzigo wa kuthibitisha uko kwake yeye, si kwako. Ukitolewa kazi isivyo haki, leba unatakiwa ufike ndani ya miezi mitatu, usikae nyumbani ukilia mwaka mzima kisha ukaja.

Barua ikija, na mimi naona itakuja, usiisaini pale ukiwa umesimama kaunta na mgeni anangoja ufunguo. Omba uende nayo nyumbani usiku mmoja, msomee babako kwa sauti. Angalia kama majaribio yameandikwa miezi mingapi, likizo isiwe chini ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na angalia sana tarehe ya kuanza. Wapenda kuandika tarehe ya siku waliyochapa barua. Kama wameandika hivo irudishe kwa upole, waambie mimi nilianza ile Jumatatu, na picha ya rosta ninayo.